Barua ya Shabunda Ilifika Lini

Bukavu, 6 Mei 2024

Asumini mdogo wangu,

Nimekuficha kifo cha mume wako. Nimeanza na hilo kwa sababu kila nilipoanza na salamu nilimaliza na salamu. Karatasi nne ziko kapuni, zote zinakuuliza hali ya ziwa na hali ya mguu wako.

Kalume hakukukimbia. Alipopanda ndege ya Shabunda mwaka 1999 na marobota yake ya vitenge, alikuwa na nia ya kurudi baada ya majuma matatu, kama alivyokuambia. Vita vikafunga njia. Hakuoa mwanamke wa kule, wala hakuonekana sokoni akiwa na kofia mpya, kama nilivyokuja kukuambia mimi miaka ya baadaye. Kofia hiyo niliibuni. Alikufa hukohuko kwa homa, na mwalimu wa msikiti wa kule akaniandikia barua. Niliipata. Sikukupa.

Utauliza kwa nini leo. Daktari amesema moyo wangu umechoka. Aliniambia kwa Kifaransa, polepole, kama vile mimi ndiye nisiyekijua, mimi niliyefundisha historia kwa lugha hiyo miaka thelathini na minne. Miguu imevimba mpaka viatu vimenikataa. Zile ngazi kumi na saba ulizokuwa ukipanda na ndoo kichwani, sasa nazipanda kwa mapumziko matatu, na kila pumziko jirani ananiuliza kama nimefika. Binti yangu Sifa ananiweka kwenye kiti asubuhi kama mtungi, jioni ananiondoa.

Tena ananicheka. "Papa, weye unaandika barua kama mutoto wa primaire? Si tumupigie tantine WhatsApp, dakika mbili tu!" Nimemjibu kwamba masikio yangu hayashiki simu, na kwamba nikipaza sauti mtaa mzima utajua habari kabla yako. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba kwenye simu ungenikatiza kauli. Guy, dereva wa gari la Uvira, ndiye atakayekuletea karatasi hii.

Usiniulize mno kuhusu tarehe. Miaka ishirini na zaidi imepita, na kwangu haikupita kama miaka. Siku ya barua ile naikumbuka ikiwa ndefu, na pembe zake zote, hata kuku wa jirani aliyekatiza njia. Baada yake nikikusanya yote, kifo cha Mama, kustaafu kwangu, Sifa kumaliza chuo, hayajazi hata asubuhi moja. Niliwafundisha watoto kwamba miaka yote ina urefu sawa. Na wao niliwadanganya.

Naomba radhi yako. Naomba uje, nikuone. Siku zangu si nyingi, na hizo chache zinakwenda ovyo: juzi iko mbali kuliko mwaka 1960.

Kaka yako,
Hamadi


Uvira, 11 Mei 2024

Yaya Hamadi,

Wewe kaka mkubwa hukunisalimia. Mimi nakusalimia, kwa sababu Mama alitulea.

Guy alinipa barua yako nikiwa ndani ya maji mpaka magotini. Ziwa limeingia jikoni tena. Nikaisoma nimesimama, maana kiti kilikuwa juu ya meza na meza juu ya matofali. Guy akauliza, "Maman, iko habari mubaya?" Nikamwambia ni kaka yangu, anakufa. Akasema pole sana. Nikamwambia ngoja kwanza na hiyo pole, nimalize ukurasa wa pili.

Sikulia. Nimejishangaa. Kalume nilimlilia kidogo kidogo kwa miaka mingi, labda yamekwisha. Nilitaka kurusha kitu ukutani, lakini kila kitu kilikuwa kimeshalowa, hakuna ambacho kingevunjika vizuri.

"Usiniulize mno kuhusu tarehe." Unajisikia lakini? Si wewe uliyempiga rula Merveille, mtoto wa jirani, mbele ya darasa zima, kwa kuwa aliweka 1908 kabla ya 1885? Mtoto alikuja kulia jikoni kwangu. Ukapita mlangoni ukasema, "Historia si supu, kila kitu kina zamu yake." Haya, mimi nakuuliza zamu. Zamu moja tu.

Jumapili ya kwanza baada ya maulidi, mwaka 2003, Abdulmajid alipanda Bukavu kuja kuniposa. Unamkumbuka: muuza nyavu wa hapa Uvira, aliyefiwa na mkewe, mwenye mwanya, aliyekuwa akicheka kabla ya kumaliza kichekesho chake. Alileta gunia la ndagala kavu, nyumba ikanuka juma zima. Alikuomba wewe, walii wangu, uniruhusu niende kwa shehe nikaombe ndoa ivunjwe, kwa kuwa mume haonekani mwaka wa nne. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, sahani mkononi. Ukamjibu, "Dada yangu ana mume wake. Mwanamke ana mume, na wewe unaleta samaki?" Wazee aliokuja nao wakacheka. Yeye pia akacheka, halafu akanawa mikono akaondoka. Alioa Kigoma mwaka uliofuata. Alifariki 2019, nilikwenda kupika kwenye matanga yake, na mke wake akanishukuru bila kujua mimi ni nani.

Sasa niambie. Siku ile, barua ya Shabunda ilikuwa imeshafika, au bado?

Kama ilikuwa bado, basi ulikuwa mjinga kama mimi, na mengine nitayameza. Nitapanda gari la Guy hata kama mlima wa Ngomo umeporomoka, nitakaa nawe mpaka mwisho, na radhi utaipata. Kama ilikuwa imeshafika, sijui. Sitajifanya kwamba najua.

Jibu kwa neno moja. Usiniletee kuku wa jirani.

Asumini


Bukavu, 17 Mei 2024

Asumini,

Neno ulilolitaka: bado.

Umelipata. Sasa niruhusu na mimi niseme, kwa maana unanihoji kama mwendesha mashtaka na mimi nimelala chali.

Barua ilinifikia mwezi wa nane. Naiona siku hiyo: kiangazi, vumbi jekundu juu ya majani ya migomba, shule imefungwa. Mtu mmoja aliyeshuka na ndege ya Shabunda alinisimamisha karibu na soko la Nyawera, gunia begani, akauliza kama mimi ndiye mwalimu Hamadi. Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Koti langu la kijivu nilikuwa nimelibeba mkononi kwa sababu ya jua. Abdulmajid alikuwa ameondoka tangu miezi mitatu.

Kwa nini sikukupa? Kwa ajili ya Mama. Alikuwa na kiharusi mwaka wa pili, upande mzima umekufa, na unajua alivyompenda Kalume. Daktari alisema asishtuliwe. Nikasema nitangoja apate nafuu. Hakupata nafuu. Mwezi ukawa mwaka. Uongo wa namna hii siku ya kwanza unasahihishwa kwa sentensi moja, siku ya mia kwa ukurasa, na baada ya miaka kumi unahitaji kitabu, na mtu wa kukiandika ameshakuwa mzee asiyeweza kushika kalamu.

Barua yenyewe usiitake. Panya wameila pembeni, maandishi yamefifia. Niamini tu.

Na tafadhali acha kunikumbusha Merveille. Leo ni daktari wa meno Bujumbura. Rula haikumwua.

Hamadi


Uvira, 21 Mei 2024

Yaya,

Panya wanaokula chuma ni wa aina gani? Ile cantine yako, sanduku la chuma lililo chini ya kitanda, naijua, niliifuta vumbi miaka na miaka. Hata mende hakuwahi kuingia.

Halafu mwezi wa nane Abdulmajid alikuwa bado hajaoa. Nimekuandikia kwa herufi kubwa kubwa kwamba alioa mwaka uliofuata. Ungenipa karatasi hiyo mwezi wa nane ningeteremka Uvira kwa miguu. Hilo naliweka pembeni, tutaligombania nikifika. Usije ukafa kabla.

Unasema miaka yako haijazi asubuhi moja. Ngoja nikueleze ya kwangu. Wakati wa kungoja, siku ilikuwa haiishi. Kila ndege iliyoshuka kuelekea uwanja wa Kavumu niliisikia kabla ya watu wengine. Nilikuwa namgeuza Mama, nahesabu: sasa anashuka, sasa anatafuta gari, sasa yuko barabarani, sasa yuko Nyawera, sasa anapanda ngazi. Hakuna aliyepanda. Namgeuza Mama upande wa pili, nasikia ndege nyingine. Nilidhani basi angalau nina miaka mirefu kuliko watu wote. Leo nikiitafuta haipo. Siku ambayo hakuna kilichotokea haibaki, yaya. Kutoka 1999 mpaka Mama alipofariki 2012 nakumbuka siku tatu: siku ya kiharusi, siku ya ndagala, siku ya mazishi. Miaka kumi na mitatu, siku tatu. Kwa hiyo umeniibia mara mbili. Nilipokuwa ndani yake ilikuwa haiishi, na sasa nikigeuka nyuma haikuwapo.

Leta barua.

Asumini


Bukavu, 26 Mei 2024

Tantine Asumini,

Nakusalimia sana. Papa alianguka juzi. Alitaka kuvuta ile cantine ya chuma yeye mwenyewe, mi nilikuwa nimeenda kuchota maji. Nikamukuta analala chini, ufunguo mu mukono. Hakuvunjika, lakini hana nguvu ya kuandika. Docteur alimuwekea sérum mu mushipa.

Anasema nikutumie hii karatasi na nisiifungue. Sikuifungua. Anasema tena niandike hivi: "Panya walikuwa uongo." Mi sielewi, labda weye utaelewa.

Tantine, munagombana juu ya nini? Batu bazima kama nyinyi! Kila siku Papa anauliza kama Guy amefika. Akileta barua anakasirika, akikosa kuleta anakasirika zaidi. Kuya tu umuone.

Sifa


Uvira, 1 Juni 2024

Yaya Hamadi,

Pole kwa kuanguka. Mwambie Sifa mto uwe chini ya miguu, si chini ya magoti.

Karatasi imefika. Nainakili hapa ili usiniambie tena kwamba imefifia:

"Kwa ndugu Hamadi, mwalimu, Bukavu. Nasikitika kukuarifu kwamba shemeji yako Kalume amefariki hapa Shabunda siku ya Ijumaa, tarehe 11 Shaabani 1423, kwa homa. Tulimwosha, tukamswalia, tukamzika kabla ya jua kuchwa. Aliomba mke wake aambiwe upesi, asije akakaa bure. Njia zikifunguka nitakuletea saa yake na tasbihi yake. Ni mimi, Mwalimu Musafiri."

Asije akakaa bure. Mtu anatetemeka kwa homa msituni, na hilo analikumbuka. Wewe ulikuwa mzima, umekula, umevaa tai.

Nimehesabu. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na inahesabiwa tangu mume afe, si tangu mke ajue. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo, alipofiwa shangazi. Kwa hiyo eda yangu ilipita Ramadhani ile nikimlisha Mama uji, ikapita Idi zote mbili, ikaisha siku kumi na moja baada ya Idi ya kuchinja, na mimi sikujua hata kwamba imeanza. Abdulmajid aliponawa mikono akaondoka, nilikuwa huru tangu majuma kumi na mawili. Hakuhitaji kumwomba shehe avunje ndoa. Hapakuwa na cha kuvunja. Nilikuwa nimekaa nangoja mwisho wa kitu kilichokwisha.

Nilitaka kuishia hapo. Halafu nikaiweka karatasi juu ya cherehani, kwenye mwanga wa dirisha, nikaona matundu.

Ni mstari wa matundu madogo kando ya mkunjo, na katika mawili kumebaki vipande vya uzi mwekundu vilivyokatwa kwa wembe. Kwanza nikasema basi panya walikuwapo kweli. Lakini panya hatoboi kwa mstari. Tena mshono unalala kulia, na katika nyumba yetu aliyeshona kwa mkono wa kushoto nilikuwa mimi peke yangu. Ule ni mshono wangu, yaya. Barua hii niliishona mimi.

Koti lako la kijivu nimelishona mara moja tu maishani mwangu. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Abdulmajid anakuja. Bitana ilikuwa imechanika kuanzia mfukoni, nikaona aibu wageni wakuone hivyo. Uzi wa kijivu haukuwapo. Nikachukua mwekundu uliobaki nilipotengeneza mto wa Mama, nikasema ni ndani, nani ataona. Nilihisi kitu kinakwaruza, nikadhani ni kile kitambaa kigumu ambacho mafundi huweka ndani ya koti. Jumapili ile, ulipomwambia "na wewe unaleta samaki," Kalume alikuwa kifuani mwako amekufa, na mimi ndiye niliyemfungia humo kwa sindano.

Mwezi wako wa nane umekufa. Usiurudie. Vumbi lake jekundu na gunia lake, vizike pamoja.

Lakini nimefikiri siku tatu, maji yakipungua, nikaona njia moja imebaki, na ninakupa. Mfuko wa koti ulikuwa umetoboka. Labda mtu alikupa karatasi njiani, ukiwa na haraka ya kuingia darasani, ukaitia mfukoni hujaifungua. Ikateleza ndani ya bitana, ukaisahau. Baadaye ukaipata, ukaisoma, ukaogopa. Jambo kama hilo humpata mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza pete ya Mama ndani ya unga siku nne.

Kama ndivyo ilivyokuwa, niandikie mstari mmoja: "Nilikuwa sijaisoma." Nitakuamini, sitauliza tena. Guy ameniwekea nafasi ya mbele Ijumaa hii. Mfuko wangu wa nguo uko mlangoni, juu ya tofali.

Asumini


Bukavu, 5 Juni 2024

Asumini,

Herufi hizi mbaya ni zangu. Sifa alitaka kuniandikia, nimekataa. Amenuna, anagonga masufuria jikoni makusudi ili nisikie, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nasikia vizuri.

Guy yuko mlangoni. "Muzee, fanya mbio. Mi niko dereva, siko posta. Ku Ngomo mvua inakuya." Nimemwambia angoje. Amekaa kwenye ngazi, anahesabu magari yanayompita na kunitajia kila moja.

Mstari ulioniomba ni wa maneno mawili, na nimeshauandika. Uko kwenye karatasi nyingine, chini ya kikombe. Sijawahi kuandika kitu rahisi namna ile. Nilipousoma mara ya tatu nilianza kuukumbuka: niliiona karatasi ikiteleza, nikajiona nakimbilia darasani, chaki mkononi, na kengele inalia. Hata uso wa yule aliyenipa nilianza kuuona. Hivyohivyo ndivyo nilivyoupata mwezi wa nane. Sikuamka siku moja nikaamua kudanganya. Niliisogeza barua kidogo kidogo, kama mtu anayesogeza kabati peke yake, mwaka huu majuma mawili, mwaka mwingine mwezi, mpaka ikafika upande wa pili wa Abdulmajid. Pale ikakaa vizuri. Nikaipambia. Vumbi lile jekundu ni la kweli, ila ni la mwaka mwingine. Mtu wa gunia ni wa kweli pia. Alikuwa ananiuliza njia ya kwenda Kadutu.

Umekasirika kwamba siku zako hazikubaki. Zangu zilibaki zilizonifaa tu, na hizo nazo nilizipanga upya. Merveille alistahili kunipiga yeye.

Tarehe ninayo. Nilikuandikia usiniulize, na ninayo, sikuipoteza hata siku moja. Jumamosi, 26 Aprili 2003, mvua inanyesha, kwenye lango la shule. Siku ishirini na mbili kabla ya ndagala. Niliifungua palepale chini ya paa la lango, nikaisoma mara tatu. Nikahesabu eda yako kwa vidole, nikaona imekwisha tangu miezi miwili, na nikafurahi kwa ajili yako. Nilifurahi mpaka kufika kona ya barabara. Kwenye kona kuku wa jirani akanikatiza njia, nikasimama, na hapo nikafikiri: nani atamgeuza Mama?

Hakuna zaidi ya hilo. Sikuwa namlinda yeye, wala wewe. Nilikuwa na mtoto wa miaka kumi na miwili asiye na mama, darasa la watu sitini, na mgonjwa wa kugeuzwa kila baada ya saa tatu. Nilikuwa nimezoea kurudi nyumbani na kukuta chakula kimefunikwa. Nikaitia barua mfukoni, na kweli mfuko ulikuwa umetoboka, na kweli iliteleza. Sikuisahau. Kila nilipoinama ubaoni ilinikwaruza.

Ijumaa amua mwenyewe. Mfuko wako uubebe au uurudishe ndani, sitamtuma Guy kukuuliza. Ningependa uje. Hilo nalo ni kweli, ila sina haki ya kuliweka kwenye mizani.

Kuna jambo moja hukuliandika. Sijui kama umelisahau au umeliacha kwa huruma. Kusahau si tabia yako, na huruma yako siku zote ilikuwa ya kuvizia. Unasema ulihisi kitu kinakwaruza, ukadhani ni kitambaa cha mafundi. Hukudhani. Uliuliza. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda karibu na kitanda cha Mama, koti limelala magotini, na ukasema, "Yaya, humu muko kitu kama karatasi. Ngoja nikitoe." Na ulikuwa umeshaingiza vidole.

Nilisema, "Ni kitambaa cha koti tu, shona, tumechelewa kulala." Ukatoa vidole. Bitana ilikuwa inateleza, huwezi kuishika na kushona kwa mkono mmoja. Nikapiga magoti mbele yako, nikainyoosha kwa vidole viwili, na kila sindano ilipopita nilisikia karatasi ikitoboka. Sikuiachia mpaka ulipokata uzi kwa meno.

Hamadi